Diski ya Bibi: historia ya mashine zilizohariri kumbukumbu zetu, kutoka Rumonge



Wengi mmetuuliza iko wapi ile video ya Bibi, akisimulia alivyovuka ziwa mwaka 1972 akiwa msichana wa miaka 14. Tuliahidi kuiweka hapa, tena yote. Jibu letu ni la aibu kidogo. Tunayo ya dakika sita, ile iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, sura zimepauka na sauti inatangulia mdomo. Ile ndefu, ya zaidi ya saa moja, haipo tena. Na Bibi mwenyewe alifariki 2022, kwa hiyo hakuna wa kumwomba arudie.

Tulikaa jioni nzima tukitafuta mwenye kosa. Mmoja akasema ni simu, mwingine ni kompyuta, mwingine ni programu ya kuediti. Kumbe wote walikuwa wanagusa jambo moja bila kulijua. Ndiyo maana leo hatuleti video, tunaleta historia ya mashine zenyewe.

Kwa wageni wa ukurasa huu: sie ni vijana wa mwambao, mchanganyiko. Wengine tulitoka Fizi na Uvira, na baadhi yetu tulifika hapa kwa mitumbwi mwishoni mwa Januari 2018, mapigano yalipochacha ng'ambo. Wengine ni watoto na wajukuu wa Warundi waliokimbilia Tanzania 1972, wakakulia Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakaanza kurudi kwa wingi 2008. Wapo pia waliopitia Kagunga mwaka 2015, wakapakiwa kwenye MV Liemba hadi Kigoma, halafu Nyarugusu. Bibi alikuwa wa Mishamo. (Wenzetu wa Fizi walicheka kwanza, maana kwao "bibi" ni mke wa mtu. Wao walimwita Nyanya.)

Tuanze na kaseti. Mafundi wa harusi waliotutangulia walibeba kamera ya VHS begani, nzito kama ndoo ya mawese. Kuediti hakukuwa na kompyuta. Unaweka deki mbili: moja inacheza, ya pili inarekodi. Ukitaka kuondoa kipande, unasimamisha ya pili, unasogeza ya kwanza, unaanza tena. Harusi ya saa tatu inataka saa tatu za kuitazama, hakuna njia ya mkato. Na kila unaponakili, picha inachoka. Nakala ya nakala ya nakala, bibi harusi anabaki kivuli cheupe. Wakati huo uwezo wa mashine ulikuwa mmoja kwa wote. Tajiri na maskini walisubiri saa zilezile, tofauti ilikuwa nani ana mafuta ya jenereta.

Mbali na hapa mambo yalikuwa yanabadilika. Mwaka 1989 kampuni ya Avid ilitoa mashine ya kuhariri iliyotumia kompyuta ya Macintosh. Desemba 1991 ikatoka Adobe Premiere ya kwanza, nayo kwa Macintosh peke yake. Wa Windows walisubiri hadi 1993. Mwaka huohuo wa 1993, Oktoba, Burundi iliingia vitani, na hapa watu walikuwa na mambo mengine ya kufikiria kuliko Premiere.

Kilichofungua mlango kwa mafundi wadogo ni kaseti ndogo ya DV iliyokuja 1995. Ilirekodi kwa tarakimu, na ukiwa na waya wa FireWire unaingiza video kwenye kompyuta bila kupoteza chochote. Saa moja ilikula takriban GB 13. Mwenye diski ya GB 40, ambayo wakati ule ilikuwa kubwa, alitosheka na saa tatu hivi, halafu lazima afute ndipo aendelee. Shikeni hilo neno kufuta, litarudi.

Hapo ndipo ubishi wa Mac na Windows ulipoanza kuwa mkali, na una hadithi ambayo vijana wengi hawaijui. Aliyeandika Premiere ya mwanzo, Randy Ubillos, alihamia kampuni ya Macromedia akaanza programu mpya iliyokusudiwa kwenda Mac na Windows zote mbili. Mwaka 1998 Apple wakainunua kazi hiyo. Mwaka 1999 ikatoka kwa jina la Final Cut Pro, na upande wa Windows ukazimwa. Adobe nao mwaka 2003 wakaitoa Premiere Pro kwa Windows tu, wakawaacha watu wa Mac mpaka 2007. Yaani mgawanyiko haukutokana tu na kwamba mashine fulani haiwezi. Yalikuwa maamuzi ya biashara, na matokeo yake ni kwamba kazi uliyoianza upande mmoja haifunguki upande wa pili.

Kwetu ubishi huo ulikuwa na jibu rahisi. Vipuri vya kompyuta ya kawaida vilipatikana Bujumbura au Kigoma, vya Mac havikupatikana. Kwa hiyo ni Windows: Pinnacle, Ulead, baadaye Edius, na kwa wasio na pesa kabisa Windows Movie Maker, iliyoanza 2000 ikaja na kila XP. Ukiweka maandishi au picha inayofifia, kompyuta inakwambia subiri. Unaiacha usiku kucha irenda, yaani itoe video iliyokamilika, umeme unakatika saa nane, asubuhi unaanza mwanzo. Movie Maker ilitufundisha pia somo moja kwa machungu: faili la mradi halina video ndani. Lina maelekezo tu, kata hapa, unga pale. Mtu anakopi mradi kwenye flashi, anaenda nao Nyanza-Lac, anafungua kwa rafiki, anakuta visanduku vitupu.

Kabla hatujaendelea, twendeni Kampala kidogo, maana kule kuna kisa kinachofanana na chetu. Mtaa wa Wakaliga, fundi aitwaye Isaac Nabwana alitengeneza filamu za mapigano kwa pesa ndogo sana, akiedit kwenye kompyuta alizoziunganisha mwenyewe kwa vipuri vya zamani. Filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 imetazamwa na mamilioni duniani. Lakini mnayoiona si ile ya asili. Ile isiyo na sauti ya mtangazaji juu yake ilipotea. Diski haikuwa na nafasi ya kuweka filamu zote, na umeme wa pale uliziua mashine. Kilichobaki ni toleo lenye VJ anayechekesha. Dunia inacheka naye, nasi tunacheka, lakini kila tukiitazama tunakumbuka kwamba mtu alilazimika kuchagua kati ya filamu ya jana na filamu ya kesho.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe lililotusumbua. Kwa nini laptopu ya mezani inashindwa na simu ya mfukoni?

Fikirieni daftari la madeni la dukani. Kuna mwenye duka anayeandika kila siku hesabu nzima: fulani anadaiwa kiasi hiki, fulani kiasi hiki, wote, kila siku ukurasa mzima. Daftari linajaa haraka, lakini ukimuuliza deni la Alhamisi anafungua ukurasa wa Alhamisi, basi. Hiyo ndiyo DV. Kila picha imehifadhiwa peke yake, kamili. Kompyuta dhaifu inaiweza kwa sababu haihitaji kufikiri.

Kuna mwenye duka mwingine, mjanja. Jumapili anaandika hesabu nzima, halafu siku zinazofuata anaandika mabadiliko tu: fulani kaongeza sukari, fulani kalipa nusu. Daftari lake linakaa mwaka mzima. Ila ukimuuliza deni la Alhamisi, lazima arudi Jumapili ajumlishe na kutoa mpaka afike. Hiyo ndiyo H.264, iliyokuja 2003, ikaingia kwenye kamera kwa jina la AVCHD mwaka 2006, na sasa iko kwenye karibu kila simu. Na HEVC, ambayo iPhone zilianza kuitumia 2017, ni mjanja zaidi ya huyo, na hesabu zake ni ngumu zaidi.

Kwa hiyo ndugu zetu, faili lilipopungua ukubwa, mzigo wa kompyuta uliongezeka. Wengi mnadhani faili dogo ni jepesi. Si kweli. Kuediti ni kuruka mbele na nyuma, na kila unaporuka, mashine inarudi Jumapili kuhesabu. Laptopu ya Core 2 Duo iliyokuwa ikicheza DV bila shida ikaanza kukatakata kwa video ya simu yenye robo ya ukubwa.

Watengenezaji waliliona hilo. Mwaka 2010 Adobe walitoa Premiere CS5 iliyofanya kazi kwenye mfumo wa biti 64 tu, na iliyopeleka sehemu ya hesabu kwenye kadi ya picha ya NVIDIA. Mwenye kadi hiyo alipaa, asiye nayo alibaki palepale, programu ni ileile. Mwaka 2011 Intel wakaweka ndani ya chipu zao kipande maalumu cha kusoma na kuandika H.264, wakakiita Quick Sync. Lakini kuwa nacho ni jambo moja, programu kukitumia ni jingine, na Premiere yenyewe ilichukua miaka kadhaa. Mwisho wa 2020 Apple walikuja na chipu ya M1 yenye kipande cha namna hiyo, na programu yao ikajua kukitumia tangu siku ya kwanza.

Na simu? Simu ilikuwa nacho tangu zamani kwa sababu isingeweza kurekodi bila hicho. Haihesabu kwa akili, ina karani maalumu wa kuhesabu. Ndiyo maana KineMaster ilipokuja kwenye Android mwishoni mwa 2013, na CapCut ilipoenea nje ya China 2020, vijana wa kambini walianza kutoa video ambazo fundi mwenye kompyuta kubwa hakuzitoa.

Tulijaribu wenyewe. Tulichukua kipande kimoja cha dakika tano, kilichorekodiwa mwaloni asubuhi wakati mitumbwi inarudi na ndagala. Tukakiweka kwenye simu ya kawaida, kwenye laptopu ya zamani yenye Windows 10 na RAM ya GB 4, kwenye laptopu ya aina ileile tuliyoiwekea Linux na Kdenlive, na kwenye Mac ya M1 tuliyoazimwa kwa siku moja. Simu ilimaliza kabla chai haijaletwa. Mac ilimaliza kabla hatujakubaliana nani akalete chai. Windows ilikuwa inaonyesha picha, inaganda, inaonyesha, inaganda. Mwenzetu mmoja alikata kichwa cha mvuvi kwa sababu hakuona anapokata. Linux nayo mwanzoni iliganda hivyohivyo, tukakaribia kuitukana.

Halafu tukawasha kitu kinachoitwa proksi. Kdenlive inatengeneza nakala ndogo, nyepesi, ya kila video. Unaediti hiyo ndogo, na mwisho inarudi kwenye ile ya asili kutoa kazi kamili. Ilichukua muda kuandaa, lakini baada ya hapo laptopu ile mbovu ilienda laini kabisa. Na proksi si ya Linux tu, zipo pia kwenye Premiere na DaVinci Resolve. Ila mkichagua Resolve ya bure kwenye Linux, jueni kwamba haisomi H.264 kabisa, mtaona mstari wa sauti bila picha, mtadhani mmeharibu. Lazima mbadilishe video kwanza. Sie tulipoteza siku mbili kwa jambo hilo.

Sasa Bibi.

Tulimrekodi 2019, kwa simu, chini ya mchikichi wa nyumbani kwake. Ilikuwa wiki ya mafunzo. Shirika moja lilituletea mwalimu mzuri, mwenye moyo, aliyekuja na Mac yake na Final Cut. Alimheshimu Bibi, alimsubiri amalize kulia kabla ya kuuliza tena. Bibi alituambia walivyolala kwenye mtumbwi wamefunikwa nyavu, na jina la mtoto aliyekufa njiani, jina ambalo hakuwahi kulitaja mbele ya watoto wake mwenyewe. Alisema, "Wajukuu wangu, hii msiikate."

Video ilihamishiwa kwenye Mac. Simu ilikuwa imejaa, tukaifuta ili turekodi mzee wa pili. Mwalimu alipoondoka alitutumia kipande cha dakika sita kwa WhatsApp, ambayo wakati ule haikupokea video inayozidi MB 16, basi ikabanwa ikabanwa. Na alituachia diski ya nje yenye kila kitu. Alidhani ametupa kila kitu, na kweli alitupa.

Diski ile ilikuwa imeandaliwa kwa Mac. Tulipoichomeka kwenye laptopu yetu ya Windows, kikatokea kisanduku kikisema kwamba diski inatakiwa kuformatiwa ndipo itumike. Mwenzetu, ambaye hatumtaji na ambaye ameomba tuliandike hili, alibonyeza ndiyo. Alidhani ni kama kukubali masharti ya programu. Tukashangaa diski ni safi. Tukaanza kuijaza na video za mpira. Tulipoelewa ilikuwa imepita miezi, na mwalimu kwa upande wake alikuwa ameshafuta zake, kwa nia njema, maana tulikubaliana asitembee na ushuhuda wa watu.

Na ile sauti inayotangulia mdomo? Hiyo ni yetu pia. Tulichukua kipande cha WhatsApp tukiongezee maandishi ya Kiswahili kwenye laptopu. Simu hazirekodi picha kwa mwendo mmoja. Gizani zinapunguza, kwenye mwanga zinaongeza. Programu nyingi za kompyuta zinatarajia mwendo ulio sawa, kwa hiyo sauti inaenda zake na picha inabaki nyuma, kidogo kidogo, hadi mwisho inaonekana kama sinema ya Kihindi iliyotafsiriwa. Dawa yake ni kuipitisha kwanza kwenye programu ya bure kama HandBrake na kuchagua mwendo usiobadilika. Tulijifunza kwa kuchelewa.

Nyie mnaofanya kazi kwenye mashirika na mnasoma hapa, tunawaomba jambo bila hasira. Mnapotuletea mafunzo, tufundisheni kwenye mashine itakayobaki, hata kama ni mbovu. Mac ya mwalimu ikipanda gari, ujuzi nao unapanda gari. Diski muandae kwa exFAT, inayosomeka Mac, Windows na Linux mpya. Ile FAT32 ya flashi za zamani haipokei faili linalozidi GB 4. Na zile laptopu za mitumba mnazotugawia, nyingi haziwezi kupanda hadi Windows 11, na Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025. Msizitupe. Wekeni Linux, wekeni Kdenlive, mtufundishe proksi siku ya kwanza badala ya siku ya mwisho.

Nyie vijana wenzetu, CapCut ni nzuri, tunaitumia kila siku, hata tangazo la ukurasa huu tumelitengeneza humo. Lakini simu ikipotea mradi umepotea, na mara nyingi tunafuta video za asili ili kupata nafasi, tukibaki na kile kilichorembwa kwa muziki na vibandiko. Kwa harusi sawa. Kwa mzee anayesimulia, hapana. Siku hizi kwanza tunanakili video ya asili kwenye diski mbili zinazolala nyumba mbili tofauti, moja juu mlimani, maana ziwa lilipopanda miaka hii liliingia hadi vyumbani, na kaseti za VHS za fundi mmoja wa harusi zilizokuwa chini ya kitanda zililowa zote. Baada ya hapo ndipo simu inafutwa. Kuediti kunakuja mwisho, kwa mashine yoyote iliyopo.

Tulienda kwa watoto wa Bibi kuwaeleza haya yote, na kuomba msamaha. Binti yake mkubwa alisikiliza kimya, akatuuliza kama kwenye zile dakika sita mama yake anataja jina la yule mtoto. Halimo. Alikaa kidogo, halafu akasema yupo mdogo wake Bibi, Nyanza-Lac, naye alikuwa kwenye mtumbwi uleule, ingawa alikuwa mdogo sana na huenda hakumbuki.

Jumamosi tunaenda. Tumechaji betri, tumebeba kadi mbili zilizo tupu. Ametutumia ujumbe tusifike kabla ya saa kumi, mchana anaanika ndagala.